Prosesa ya Bei Nafuu kwa Kompyuta Iliyozeeka: Tununue Ipi, na Je, Tuikimbize?



Katika kikao cha mwisho cha kamati, baada ya swala ya Alasiri, mjadala uliochukua muda mrefu kuliko yote haukuhusu darsa wala safari ya ziara. Ulihusu kompyuta ya ofisi. Wanaoijua hawahitaji maelezo. Ni Dell OptiPlex 780 ya mnara mdogo, ambayo ilifika Bujumbura ikiwa imeshatumikia ofisi za watu huko Ulaya hadi wakaichoka. Ndani yake mna prosesa ya Pentium E5300, RAM ya gigabaiti 2, na diski ya kuzunguka inayotoa sauti ya kokoto kwenye sufuria. Ukiibonyeza iwake, unaweza kwenda kutawadha na kurudi kabla haijakuwa tayari. Na bado ndugu na dada watano wa mwaka wa mwisho wanaandikia memwari zao humo, kwa sababu hawana nyingine.

Ndugu mmoja wa mwaka wa pili alitoa pendekezo lililowasisimua wengi: tununue prosesa ya bei ndogo iliyotumika, kisha tuikimbize kupita kiwango ilichopewa na kiwanda, yaani tuiovakloki. Kwa pesa ya kipande kimoja tupate mashine mpya. Mwingine akasema pesa hiyo ni michango ya wanachama, na michango haichezewi kamari. Kamati ikaniambia niandike somo ili kila mmoja aelewe kinachozungumzwa kabla ya kupiga kura. Somo ndilo hili. Nimelifanya la jumla kidogo ili limfae pia mwenye mashine yake chumbani, na humo ndani nitakiri kosa langu mwenyewe.

Mpigo na kizidisho

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Madabodi ina saa ndogo inayopiga mpigo wa msingi, na prosesa huuzidisha mpigo huo kwa namba yake maalumu. E5300 yetu hupokea mpigo wa megahezi 200 na kizidisho chake ni 13. Zidisha: 2,600, yaani gigahezi 2.6, namba ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Kwa hiyo kuikimbiza prosesa kuna njia mbili tu: kuinua mpigo wa bodi, au kuinua kizidisho. Maneno mengine yote utakayoyasikia kwa mafundi yanarudi kwenye hesabu hiyo ya darasa la tatu.

Mfano uliowapa watu wengi hamu ya jambo hili ni wa mwaka 1998. Intel ilitoa prosesa ya bei ya chini iliyoitwa Celeron 300A. Mpigo wake ulikuwa megahezi 66 na kizidisho 4.5, jumla 300. Madabodi nyingi za wakati ule ziliweza kupiga 100. Watu wakabadilisha kitu kimoja tu, 66 ikawa 100, na Celeron ya maskini ikakimbia megahezi 450, ikawa bega kwa bega na prosesa za matajiri. Nyingi zilikubali bila kulalamika. Tangu hapo kila kijana mwenye mashine ya zamani na mfuko mtupu anaitafuta Celeron 300A yake.

Kwa nini kiwanda kiiache nafasi hiyo? Prosesa hukatwa kutoka bamba moja la silikoni kama vipande vya kitenge kutoka jora moja. Zote ni za ukoo mmoja, lakini hazitoki sawa. Kiwanda huzipima, na zile zinazostahimili kasi kubwa hupewa namba kubwa na bei kubwa. Lakini soko nalo lina kauli yake: wanunuzi wa bei ya chini ni wengi, kwa hiyo vipande vingi vizima hupewa kibandiko kidogo ili kujaza mahitaji. Tena kiwanda huacha akiba ya usalama, kwa sababu hakijui kama mashine itakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi mjini Oslo au kwenye duka la bati Buyenzi. Anayeikimbiza prosesa anakula akiba hiyo. Ni vizuri kulijua hilo tangu mwanzo: kasi ya bure haipo, ipo kasi iliyowekwa akiba kwa ajili ya siku mbaya.

Nina kanuni yangu ya kukadiria mahali pa kusimama. Usimdai mdogo wa ukoo zaidi ya kile kiwanda kilichokipata kwa mkubwa wao. Katika ukoo wa E5300, mkubwa wa viini viwili aliyeuzwa ni Core 2 Duo E8600, gigahezi 3.33. Ndugu yake mdogo E5200, wa mwaka 2008, ana mpigo 200 na kizidisho 12.5, yaani 2.5. Ukimpa mpigo wa 266 anafika 3.33 kamili. Hilo ni dai la haki. E5300 yetu kwa mpigo huohuo ingefika karibu 3.46, juu kuliko mkubwa wao. Huenda ingekubali, lakini ingetaka volti ya ziada, na hapo ndipo tunapokutana na mlango uliofungwa.

Mlango wa mashine za ofisi

Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa mjini kwetu ni za ofisi: OptiPlex za Dell, Compaq za HP, ThinkCentre za Lenovo. Zilitengenezwa zisiguswe. Ukiingia kwenye BIOS yake utakuta mahali pa kubadilisha saa, tarehe na mfuatano wa diski, lakini mpigo wa bodi na volti hutavikuta. Hazikufichwa kwako wewe. Mwenye ofisi ya mashine mia tano hataki karani acheze nazo.

Vijana hawakosi njia. Katika ukoo huu wa soketi ya 775, prosesa yenyewe huiambia bodi ni mpigo gani iupige, kwa kutumia vituo vidogo vitatu vilivyo chini yake. Ukikiziba kimoja kwa kipande kidogo cha gundi ya plastiki, prosesa iliyozaliwa na mpigo wa 266 inaweza kuidanganya bodi ipige 333. Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007, yenye kizidisho 9, hutoka 2.4 ikawa 3.0 kwa kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mtama. Ni ujanja ambao umefanya kazi kwa wengi, ikiwa bodi yenyewe inaufahamu mpigo wa 333. Lakini kutoka 200 kwenda 266, ambako ndiko E5200 na E5300 zinakotaka kwenda, kuziba hakutoshi. Kituo kimoja kinapaswa kuunganishwa na ardhi ya umeme kwa rangi au karatasi inayopitisha umeme. Ukitetereka nusu ya milimita, umeunganisha kitu kingine. Sipendekezi mtu afanye hivyo kwenye kompyuta isiyo yake.

Mashine zilizofuata zimefungwa zaidi. Kuanzia Januari 2011, ukoo wa soketi ya 1155 ulipotoka, mpigo wa msingi ukawa megahezi 100 na ukafungamanishwa na karibu kila kitu kwenye bodi, hata njia za diski. Ukiusogeza kidogo tu, diski inaanza kupotea. Ikabaki njia ya kizidisho, nayo Intel iliiacha wazi kwa prosesa zenye herufi K mwishoni, kama i5-2500K na i7-2600K, tena zikikaa kwenye bodi za chipseti ya P67 au Z68. OptiPlex 790 na 990, au HP Compaq 8200, hazina chipseti hizo. Ukinunua 2500K ukaichomeka humo itafanya kazi vizuri sana, kwa kasi yake ya kawaida. Umelipia herufi.

Kuna kipande kimoja cha bei nafuu kilichofunguliwa kwa makusudi: Pentium G3258 ya mwaka 2014, iliyotolewa kuadhimisha miaka 20 ya jina la Pentium. Viini viwili, gigahezi 3.2, kizidisho wazi, soketi ya 1150. Kwa aliyekuwa na bodi inayoruhusu, ilikuwa furaha. Leo viini viwili bila nyongeza ni vichache, kivinjari cha intaneti peke yake huvijaza vyote. Ukiuziwa kwa bei ya i5 ya soketi hiyohiyo, chukua i5.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya prosesa yoyote, fungua programu ya CPU-Z, isome soketi, chipseti, mpigo na kizidisho, uandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani. Ukienda na maneno tu, utarudi na kitu kisichoingia.

Kosa langu

Nilisema nitakiri. Miaka miwili iliyopita ndugu mmoja alinikabidhi pesa ya kumboreshea kompyuta yake, mashine ya ofisi ya soketi 775 kama hii yetu. Nilikuwa nimesoma kwamba prosesa za seva, Xeon za soketi 771, zinaweza kuwekwa kwenye bodi ya 775 kwa kubandika kibandiko kinachobadilishana vituo viwili na kuchonga vijishikio vya pembeni. Xeon E5450 ni kitu kizuri kwelikweli: viini vinne, gigahezi 3.0, wati 80, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu seva zake zilikuwa zinatupwa. Muuzaji mmoja alikuwa nayo tayari imebandikwa. Nikalipa, nikachomeka, nikawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Baadaye nilielewa. Ili bodi imkubali mgeni, BIOS yake lazima iwe na faili ndogo ya kumtambulisha. Baadhi ya bodi zinazouzwa peke yake zinaweza kuongezewa faili hiyo, lakini bodi ya ofisi mara nyingi inabaki na orodha ya wageni walioruhusiwa na mtengenezaji, basi. Mimi sikuiangalia orodha. Nilipoirudisha prosesa ya zamani, nikakuta nimepinda pini moja kwenye soketi, maana katika familia hii pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Nilikaa kutoka Magharibi hadi Isha nikiinyoosha kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, iliyotolewa risasi yake, na mkono unatetemeka kwa sababu mali haikuwa yangu. Iliwaka. Lakini pesa ya Xeon ilikuwa imekwenda. Muuzaji alisema haikuwa na kasoro, na alisema kweli. Kasoro ilikuwa yangu. Nililipa kidogokidogo kutoka kwenye buruzi, na yule ndugu hakunidai hata siku moja, jambo lililoniumiza zaidi.

Joto la hapa kwetu

Makala nyingi za kukimbiza prosesa zimeandikwa na watu wanaokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Sisi tuko kando ya Ziwa Tanganyika. Chumba cha ofisi yetu mchana hukaribia nyuzi 30, na kipozaji cha prosesa hakiwezi kuipoza chini ya hewa inayokizunguka. Nyuzi kumi hizo za tofauti zinaongezwa moja kwa moja juu ya joto la prosesa. Kilichowezekana kwa mwandishi wa kule, hapa kwetu kinaanza na deni.

Na deni linakua haraka. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mpigo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Chukua E5200 ukaipeleka kutoka 2.5 hadi 3.33: hiyo ni theluthi moja zaidi. Tuseme ilihitaji volti ipande kutoka 1.2 hadi 1.3 ili isimame imara. Gawanya 1.3 kwa 1.2, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata kama 1.17. Zidisha na 1.33, utapata 1.56. Kasi imepanda kwa asilimia 33, umeme na joto kwa asilimia 56. Sehemu isiyo ndogo ya ongezeko hilo imetokana na ile volti 0.1, nayo ndiyo inayokuunguza.

Mashine ikila wati 40 zaidi kwa saa nane kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilowati-saa 8 za kashipawa. Si nyingi kwa mtu mmoja, lakini ni chama kinacholipa, na pesa hiyo haionekani kwenye bei ya prosesa. Halafu kuna pawasaplai. Ya kompyuta ya ofisi ilipimwa kwa vifaa vilivyokuja nayo pamoja na nafasi kidogo, na hiyo yetu imeshapitia miaka mingi ya kazi pamoja na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Kuitwika mzigo mpya uzeeni ni kuitafutia sababu.

Kabla ya yote haya, fungua boksi. Ya kwetu nilipoifungua nilikuta vumbi la kiangazi limeshonana kwenye mapezi ya kipozaji kama blanketi, na pasta ya kupitishia joto imekauka ikawa chokaa. Nilipuliza vumbi, nikafuta, nikapaka pasta mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto lilishuka kwa kiwango ambacho hata mkono uliweza kukihisi kwenye hewa inayotoka nyuma. Huenda wengi wanaolia kompyuta ni nzito wana prosesa inayojipunguza kasi yenyewe kwa sababu ya joto, na dawa yake ni brashi ya kupakia rangi.

Kosa lisilopiga kelele

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwe na msimamo.

Mashine yangu mwenyewe ya chumbani ina bodi ya chipseti G31 iliyouzwa peke yake, na BIOS yake inaruhusu mpigo ubadilishwe. Nilinunua E5200, nikaipeleka 3.33, na sitawadanganya, niliifurahia. Iliwaka, ikafungua kila kitu, kwa wiki tatu haikuzima hata mara moja. Nilijigamba. Dada mmoja wa kitivo cha uchumi alipokuja na memwari yake kwenye flashi, akaniomba nimtunzie nakala, nilimkunjia kila kitu kwenye faili moja la zipu, sura zote na data za dodoso alizokusanya kwa miezi. Nilimrudishia flashi na zipu ndani yake. Alipokwenda kuifungua kwenye saibakafe, mashine ikasema faili limeharibika. Tukajaribu nyingine, jibu ni lilelile.

Flashi ilikuwa nzima. Prosesa yangu ilikuwa inakosea hesabu. Si kila mara, na si kosa la kuifanya skrini iwe ya buluu. Mara moja katika mabilioni, tarakimu moja inageuka, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Zipu ilinifichua kwa sababu kila faili la zipu hubeba namba ya kujihakiki. Jedwali la takwimu halina namba hiyo. Kama kosa lile lingeangukia kwenye wastani wa dodoso lake, angelichapisha, angelitetea mbele ya jopo, na hakuna ambaye angejua, wala yeye mwenyewe. Alhamdulillah, mafaili yake ya asili hayakuguswa, na toleo la wiki iliyotangulia alikuwa ameshamtumia msimamizi wake kwa barua pepe.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya wiki ya kwanza. Kuna programu ya bure iitwayo Prime95, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa. Kwa kuwa hesabu zake hujikagua zenyewe, ni kipimo kikali cha prosesa. Niliiendesha usiku. Baada ya saa tatu ikasimamisha kiini kimoja na kuandika kosa. Wiki tatu za kujigamba, na jibu lilikuwa umbali wa usiku mmoja. Niliishusha hadi 3.0, yaani 240 mara 12.5, nikaipima usiku kucha mara mbili, kisha nikaipima RAM kwa Memtest86, kwa sababu mpigo wa bodi ukipanda RAM nayo husukumwa isipopunguziwa uwiano wake. Hapo ikatulia. Umeme ulikatika mara mbili katikati ya vipimo na nikaanza upya. Kipimo kilichokatika hakihesabiwi.

Kwa hiyo ukitaka kukimbiza mashine yako, anza na kipimo na umalizie na kipimo: panda hatua ya megahezi 10 za mpigo, pima nusu saa, soma joto kwa Core Temp, panda tena. Ikikosea, rudi hatua mbili, si moja, kwa kuwa kiangazi kitakuja. Kisha usiku mzima. Na kazi ya mtu mwingine isiingie kwenye mashine hiyo mpaka usiku huo uishe salama.

Tunangoja nini hasa?

Ndugu yetu wa mwaka wa pili alidhani ofisini tunaingoja prosesa. Niliketi asubuhi moja na kuangalia dirisha la kazi la Windows watu wakiandika. Prosesa ilikuwa inapumzika mara nyingi. Diski ilikuwa imejaa asilimia mia, kwa kuwa RAM ya gigabaiti 2 ilikuwa imejaa na mfumo ukageuza diski kuwa RAM ya dharura. Tuseme kazi inachukua dakika 10, na katika hizo 5 ni za prosesa na 5 ni za diski. Ukiikimbiza prosesa kwa robo nzima, dakika zake 5 zinakuwa 4. Kazi yote inakuwa dakika 9. Umechezea volti, joto na memwari za watu watano kwa ajili ya dakika moja.

Viini navyo vina hesabu yao. Prosesa ya viini vinne humsaidia anayekata video za mihadhara, kwa kuwa kazi ile hugawanyika. Anayechapa kwenye Word hatoni tofauti kubwa kati ya viwili na vinne. Takwimu ziko katikati, inategemea programu na aina ya hesabu.

Kuna jambo la umri pia, ambalo linaweka kikomo kwenye pesa ya kuweka ndani ya ukoo huu. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ya toleo la 24H2 inadai maagizo fulani ambayo prosesa za Core 2 hazikuzaliwa nayo, kwa hiyo haitawaka humo hata kwa ujanja. Njia iliyobaki kwa mashine hii ni Linux, na kwa kuandika memwari Linux Mint pamoja na LibreOffice vinatosha. PSPP inafanya sehemu kubwa ya takwimu ambazo wenzetu wanazitafutia SPSS ya kuiba. Kama unanunua kompyuta sasa, ongeza kidogo uchukue angalau ya soketi 1155. Ukiikuta na prosesa dhaifu kama Pentium G620, hiyo ndiyo bahati: bodi yake mara nyingi hukubali i5-2400 yenye viini vinne, na hakuna gundi wala rangi inayohitajika.

Niliyopendekeza kwa kamati

Nimeandika kwenye ripoti hivi. Kwanza SSD ndogo na RAM mbili za gigabaiti 4 za DDR3, kwa kuwa ndiko tunakongojea. SATA ya bodi hii ni ya kizazi cha pili na haitaimaliza kasi yote ya SSD, lakini ukilinganisha na kokoto zile ni dunia nyingine. Ikibaki pesa, Core 2 Quad Q9400 iliyotumika, gigahezi 2.66, viini vinne, kwa ajili ya ndugu wa kitengo cha video. Ni wati 95 badala ya 65, kwa hiyo ibadilishwe pamoja na kipozaji chake kikubwa zaidi, si kile kidogo kilichopo. Muuzaji atuwashie mbele yetu kwenye mashine ya aina hii hii, na tuiache Prime95 izunguke angalau saa moja tukinywa chai dukani kwake. Asiyekubali saa moja, tutamshukuru na kuondoka.

Na isikimbizwe. Kwenye mashine yangu nimebaki na 3.0 yangu, hasara ni yangu na mimi ndiye niliyekubali. Ya ofisi ni amana. Watano wale hawakuulizwa kama wanataka kuweka miezi yao juu ya akiba ya kiwanda, na wengine hawajui hata kwamba kuna cha kuulizwa.

Kuhusu E5300 itakayotoka: iuzwe, haikuwahi kukimbizwa, na tunaweza kusema hivyo bila kumung'unya. E5200 yangu ikifika siku ya kuuzwa nitaandika kwenye karatasi niliyoifungia: ilikimbia 3.33 kwa wiki tatu, ikakosea, imekimbia 3.0 tangu hapo, haikukosea. Bei itashuka, najua. Mnunuzi akikuta kasoro iliyofichwa ana haki ya kuirudisha, na mafakihi wameandika mlango mzima juu ya hilo. Ni afadhali ashushe bei akiwa ameketi mbele yangu.

Kura itapigwa Jumamosi baada ya darsa. Mwenye flashi yenye memwari kwenye mashine ile aje kabla ya hapo achukue nakala mbili, moja aibebe na moja amtumie msimamizi wake, kwa sababu diski ile ya kokoto itatolewa siku hiyohiyo, na sijui kama itakubali kuwaka tena.